Barua kwa mwanangu: kuhusu picha ya mdogo wako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imetufikia. Nimeisoma pamoja na mama yako, kisha nikaisoma tena peke yangu baada ya yeye kwenda kulala. Unasema shule unayofundisha imeamua kuadhimisha Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani, tarehe 10 Septemba, na kwamba mwalimu mkuu amekuomba wewe uzungumze na wanafunzi, kwa kuwa anajua tulimpoteza mdogo wako kwa njia hiyo akiwa na umri wa miaka 16. Unaniuliza kama nakuruhusu kuionyesha picha yake ukumbini na kuwaeleza wanafunzi jinsi alivyofariki. Unasema pia kwamba walimu wenzako wamegawanyika, kwani wapo wanaoogopa kwamba kumtaja marehemu kutawapa watoto wazo ambalo hawakuwa nalo, na wapo wanaoamini kwamba kimya ndicho kinachowamaliza.

Nitakujibu kuhusu picha, lakini univumilie kidogo, kwa sababu swali lililonikalia moyoni baada ya kusoma barua yako ni jingine. Ninajiuliza ni nani atakayekaa na watoto hao siku inayofuata. Maadhimisho yatakwisha, viti vitarudishwa madarasani, wageni watakwenda zao, kisha mwanafunzi mmoja atapita mbele ya chumba cha walimu mara mbili au tatu akijifanya anatafuta daftari. Ninyi wanangu mmenisikia tangu mngali wadogo nikisema kwamba mtoto hazungumzi na mtu aliyesimama. Nimelisema neno hilo kwa walimu wenu, kwa wajomba zenu, hata kwa yule daktari aliyekuwa akizungumza na mdogo wako huku ameshika kitasa cha mlango. Sijapata sababu ya kuliacha.

Siku ya mazishi wewe ulikuwa ndani na mama yako, kwa hiyo huenda hujui yote yaliyotokea nje. Shule aliyokuwa akisoma, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imewakataza wanafunzi kuhudhuria. Walimu walielekezwa wasilitamke jina lake darasani. Dawati lake liliondolewa kabla ya kengele ya asubuhi, na siku hiyo hiyo jina lake likarukwa wakati wa kuita mahudhurio, kana kwamba hakuwahi kuandikishwa. Watoto waliokuwa wakikaa naye tangu kidato cha kwanza waliingia darasani wakakuta pengo ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa tayari kulieleza. Miaka mingi imepita, na waliotoa amri ile naamini waliitoa kwa hofu wala si kwa ubaya, lakini nikilikumbuka dawati lile bado kifua hunibana.

Wakaja hata hivyo. Walikuja jioni, waombolezaji wengi wakiwa wameshaondoka, wakasimama kwa kikundi karibu na lango, bado wamevaa sare. Mjomba wako mkubwa alitaka kuwarudisha kwao, akidhani wamekuja kuchungulia tu. Nikamwomba aniachie. Nilipowafikia niliwasalimu, nikawauliza majina, nikawashukuru kwa kuja, na hakuna aliyenijibu zaidi ya kunong'ona. Walikuwa wakitazama viatu vyao. Ndipo nikakaa chini, pale pale kwenye majani, na baada ya muda mfupi nao wakaanza kukaa mmoja mmoja. Yule rafiki yake mrefu, ambaye mama yako alikuwa akimwita mlingoti, ndiye aliyefungua kinywa. Aliuliza, "Baba, tunaruhusiwa kumtaja?"

Sijapata kuulizwa swali lililonichoma kama hilo. Niliwaambia kwamba nyumbani kwetu jina lake halijakatazwa wala halitakatazwa, na kwamba mwenye lolote la kusema juu yake aliseme. Wakaanza na lile daftari lake la mawingu, ambalo sisi tulidhani halijulikani nje ya nyumba yetu. Kumbe kila asubuhi alikuwa akisimama mlangoni pa darasa na kutangaza, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kama mvua itanyesha, na darasa zima lilikuwa limeshazoea kufanya kinyume cha utabiri wake kwa kuwa alikosea karibu kila siku. Siku moja alipatia. Hakuna aliyekuwa amejiandaa, wakalowa wote, naye akacheza uwanjani katika mvua ile kama mtu aliyepewa tuzo. Walicheka waliposimulia hayo, kisha wakatazamana kwa hofu wakidhani wamekosa adabu, na mimi nikacheka kwa sauti ili waone kwamba hawakukosa. Furaha niliyoipata dakika zile, katikati ya siku mbaya kuliko zote nilizoziona, siwezi kuieleza vizuri hata sasa. Nilikuwa nikipewa mambo ya mwanangu ambayo sikuwa nayo, na waliokuwa wakinipa ni watoto waliokuwa wamekatazwa kuja.

Kisha yakaja mengine. Msichana mmoja alisema kwamba siku moja kabla ya kifo alimpita mdogo wako njiani bila kumsalimu, kwa sababu walikuwa wamegombana kwa jambo dogo, na tangu habari ilipomfikia hakuwa amelala. Nilimweleza kile ambacho madaktari walikuwa wametueleza sisi, kwamba mtu hafiki hapo kwa sababu ya salamu moja iliyokosekana, kwamba mdogo wako alikuwa anaugua sonona na maumivu yake yalikuwa na vyanzo vingi, na kwamba marafiki wote hugombana. Nililirudia mara kadhaa, kwa maana mtoto aliyebeba hatia isiyo yake hasikii mara ya kwanza. Na mvulana mmoja alibaki hata wenzake walipoondoka. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba yeye naye amekuwa akiwaza hivyo hivyo. Hatukumwacha arudi peke yake. Mjomba wako na mimi tulimsindikiza hadi kwao, tukazungumza na wazazi wake usiku huo huo, na kesho yake wakampeleka hospitali. Unamjua vizuri, kwa sababu alikaa pamoja na ndugu zako siku ya harusi yako, na nafahamu kwamba ameshakusimulia mwenyewe. Usimtaje kwa wanafunzi wako, hata bila jina. Kisa chake ni mali yake, na akitaka kukitoa atakitoa yeye.

Ninaposema mtoto hazungumzi na mtu aliyesimama, basi, ninasema jambo nililoliona kwa macho yangu, na wengine wameliona kabla yangu. Chad Varah, kasisi wa Uingereza, alisimulia kwamba mazishi ya kwanza aliyoyaongoza, mwaka 1935, yalikuwa ya msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana huyo alikuwa ameanza hedhi, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumuuliza, alidhani amepata ugonjwa wa zinaa. Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi. Sisemi kwamba jibu la mtu mzima lingemwokoa kwa hakika, maana hakuna anayejua mengine aliyokuwa ameyabeba, lakini hofu ile moja ingeweza kuondolewa kwa maneno machache, na hapakuwa na mtu wa kuyasema. Mwaka 1953 Varah alianzisha London huduma ya simu kwa watu waliokata tamaa, ambayo leo inajulikana kwa jina la Samaritans. Wengi walifika kwa miguu badala ya kupiga simu, wakawa wanamsubiri nje ya ofisi yake pamoja na watu wa kawaida waliojitolea kuwapokea, na baada ya muda akagundua kwamba baadhi yao walikuwa wakiondoka wametulia kabla hata ya kumwona, kwa kuwa walikuwa wamepata mtu wa kuwasikiliza. Mapema mwaka 1954 aliwakabidhi waliojitolea kazi yenyewe. Watu hao hawakuwa madaktari wala hawakutoa mahubiri. Walikaa na kusikiliza.

Hata hivyo ni lazima nijipinge mwenyewe, kwa kuwa wewe ungenipinga kama ungekuwa hapa. Mdogo wako hakukosa watu wa kukaa naye. Wewe ulikaa naye likizo nzima. Mama yako alikaa naye usiku aliposhindwa kulala. Mimi na yeye tulikuwa tukikaa kila jioni kuyatazama hayo mawingu yake, na alikuwa akizungumza, na alikuwa akitumia dawa, na bado tulimpoteza. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kukaa na mtoto ni kinga. Ugonjwa huu unaweza kumshinda mtu anayependwa na anayetibiwa, kama ugonjwa wa moyo unavyoweza, na yeyote atakayewaambia wanafunzi wako kwamba upendo peke yake ungetosha atakuwa amewahukumu wazazi wote waliofiwa na atakuwa amewadanganya watoto. Ninachoweza kukisema bila kusita ni kidogo kuliko hapo. Mtoto ambaye hakuna aliyekaa naye hafiki hata kwa daktari, kwa sababu hakuna anayejua kwamba anahitaji daktari.

Sasa niwageukie walimu wenzako. Wale wenye hofu usiwajibu kama wajinga, kwa maana hofu yao ina msingi. Ni kweli kwamba kifo cha namna hii kinaweza kufuatiwa na kingine, na vijana ndio walio katika hatari zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huwaomba waandishi wa habari wasieleze njia iliyotumika wala mahali, wasichapishe maneno ya mwisho ya marehemu, wasikionyeshe kifo hicho kama suluhisho la matatizo, na wataje daima mahali ambapo msaada unapatikana. Lakini anayetoka hapo na kusema kwamba watoto wasiulizwe kabisa amekwenda mbali kuliko ukweli. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusu wanafunzi 2,342 wa shule za sekondari katika jimbo la New York. Baadhi ya wanafunzi waliulizwa waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua na wengine hawakuulizwa, kisha hali zao zikalinganishwa. Swali halikuwaletea mawazo hayo, wala halikuwaongezea dhiki. Kati ya wale waliokuwa tayari na sonona, walioulizwa walionekana kuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao wenye hali hiyo hiyo ambao hawakuulizwa. Wasomee wenzako hayo kwa upole. Wengi wao wanaogopa kwa sababu wanawapenda watoto.

Juu ya jinsi alivyofariki, basi, sitakuzungusha: usiwaeleze. Waambie kwamba alijiua, kwa neno hilo hilo, kwa sababu watoto wanaotambua kwamba wanafichwa huenda kutafuta majibu kwa wenzao na katika simu zao, na huko hakuna anayewachagulia. Njia, mahali na saa ni vya familia, na havimsaidii mtoto yeyote. Usiwape wala sababu, kwa kuwa hatuna sababu moja ya kuwapa. Unakumbuka watu walivyoyalaumu matokeo ya mtihani, na jinsi shangazi yako alivyogombana na jirani kwa ajili ya maneno hayo hadi wakaacha kusalimiana. Shangazi yako alikuwa na haki. Kila mtoto aliyefeli mwaka ule aliyasikia maneno ya jirani, na sijui aliyachukua vipi. Wanafunzi wako wakiambiwa kwamba mdogo wako alijiua kwa sababu ya mtihani, yule aliyefeli atatoka ukumbini akidhani ameonyeshwa mahali pa kwenda. Waambie kwamba alikuwa mgonjwa, kwamba ugonjwa huo unatibika, na kwamba watu wengi waliowahi kutaka kufa wanaishi leo na wanashukuru kwamba wanaishi.

Ukitaka takwimu, ziwe chache. Zaidi ya watu 700,000 hujiua duniani kila mwaka, na kwa walio na umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo. Lakini hizo ziwe za walimu zaidi kuliko za wanafunzi. Mtoto aliyezama katika giza lake hapati faraja kwa kuambiwa kwamba wako wengi. Kwa walimu ongeza na hili, kwamba karibu nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18, yaani wakati bado anaitika mahudhurio mbele yenu.

Picha ndiyo inayonitesa. Nimeandika aya hii nikaifuta, nikaiandika tena. Kwa upande mmoja namwona mtoto mmoja katika ukumbi wako, ambaye hakuna anayemsikiliza nyumbani, akiitazama sura ile nzuri kwenye ukuta, akiwaona walimu wakilia, akimsikia dada wa marehemu akimsifu, kisha akipiga hesabu kwamba kifo kinaweza kumpatia kile ambacho maisha yamemnyima. Watu wanaozishauri shule juu ya mambo haya husisitiza kwamba kifo cha mwanafunzi aliyejiua kikumbukwe kwa namna ile ile ambayo kingekumbukwa kifo cha mwanafunzi aliyekufa kwa ajali au maradhi, bila kupunguza na bila kuzidisha, na kwamba shule isijenge makumbusho ya kudumu kwa ajili yake. Ninawaelewa. Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba picha ibaki nyumbani.

Mama yako aliponikuta naandika aliniuliza jambo moja tu. Alisema, "Kwa nini mwanangu awe siri hata mdomoni mwa dada yake?" Nikakumbuka lile dawati. Shule ile nayo ilisema inawalinda watoto, na watoto wakaja langoni kwetu kuomba ruhusa ya kumtaja. Ukisimama mbele ya wanafunzi wako na kuzungumza juu ya "kijana mmoja" asiye na jina wala sura, je, hutakuwa umeliondoa dawati hilo mara ya pili? Halafu tena najijibu kwamba wale walikuwa marafiki zake, walikuwa na haki ya kuomboleza, na walihitaji kumtaja kwa sababu walimjua. Wanafunzi wako hawakumjua. Kwao atakuwa sura na kifo tu, bila daftari la mawingu, bila ile siku ya mvua. Labda hilo ndilo jibu, kwamba umpe kwanza maisha yake yote, usimulie utabiri wake na namna alivyokuwa akiibadilisha sauti, na kifo kichukue sentensi moja. Lakini simulizi nzuri mno nayo itamfanya shujaa, na tunarudi kule kule nilikotoka. Unaona jinsi ninavyozunguka. Nina maoni, na ni vigumu kwangu kuyashika mdomoni, lakini nimemwahidi mama yako kwamba sitayaweka katika barua hii, kwa kuwa wewe ndiye utakayesimama mbele yao na wewe ndiye unayezijua sura zao.

Jambo ambalo sitakuachia bila kulisema ni la siku zinazofuata. Mtoto atakayekujia hatakuja na maneno uliyomfundisha ukumbini. Atasema amechoka, au kwamba hakuna atakayegundua asipokuwapo, au kwamba yeye ni mzigo kwa wazazi wake. Huenda hatasema chochote, ila utaona amewaacha marafiki, halali au analala mchana kutwa, amegawa vitu alivyokuwa akivipenda, au ametulia ghafla baada ya majuma ya taabu. Yoyote katika hayo yanaweza kuwa na maana nyingine, na ndiyo sababu unauliza. Funga mlango, kaa, kisha uulize kwa maneno yaliyo wazi: "Unafikiria kujiua?" Usiulize kwa namna inayomwomba akatae, kama vile, "Hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?" Akisema ndiyo, usimhubirie, usimwambie kwamba wengine wana shida kubwa kuliko yake, na usimkatize kwa sababu wewe umeogopa. Usimwahidi kwamba utaitunza siri hiyo. Mwambie mapema kwamba utamtafutia msaada na kwamba atakuwapo wakati unapozungumza na wengine kila itakapowezekana. Usimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda kumwita mwalimu mwenzako, mtume mtu. Akikueleza kwamba ameshapanga namna ya kufanya, hiyo ni dharura, na anapaswa kuonwa na watu wa tiba siku hiyo hiyo. Wazazi wake waombwe wakiondoe kila cha hatari nyumbani, kwa kuwa hamu ya kufa kwa wengi hupanda kwa ukali na kisha hushuka, na mtu akivushwa katika saa hizo chache anaweza kuishi miaka mingi. Madaktari walituambia hivyo, na yule kijana aliyebaki langoni ameniambia hivyo pia, kwa maneno yake.

Na wewe usijifanye daktari. Kazi yako ni kumfikisha. Namba ya simu ya msaada na jina la mshauri nasaha viandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuvisoma bila kuonekana kwamba anavisoma.

Ninapenda uwafikirie wanafunzi wenyewe kama watendaji pia, jambo ambalo sisi wazee tunalisahau. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 10 za Ulaya, shule 168, wanafunzi 11,110. Ulilinganisha njia kadhaa za kuzuia kujiua, na mojawapo ilikuwa kuwafunza walimu kuzitambua dalili. Mimi ningeweka imani yangu yote katika njia hiyo. Lakini iliyofaulu ni ile ambayo vijana wenyewe walikutana kwa saa chache katika majuma machache, wakaigiza hali ngumu za maisha yao, wakajadiliana juu ya huzuni, msongo wa mawazo na namna ya kumsaidia rafiki. Baada ya mwaka mmoja, majaribio mapya ya kujiua kati yao yalikuwa karibu nusu ya yale ya wanafunzi wa shule ambazo hazikupewa mpango huo wala mwingine unaofanana nao. Mafunzo ya walimu peke yake hayakuonyesha tofauti ya maana. Hilo lilinishangaza na, sitakuficha, liliniuma kidogo, kwa sababu nimeishi nikisema kwamba mtu mzima lazima akae. Bado ninasema. Ila nikiikumbuka jioni ile langoni, naona kwamba walikuwa wamekaa wao kwa wao, na mimi nilikuwa mmoja tu katika duara.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho mama yako angependa ukijue, kwa kuwa alikifanya kimya kimya wakati wewe ulikuwa chuoni. Baada ya mazishi aliomba anwani za wale watoto, akawa anawaandikia kila baada ya miezi michache, mistari miwili au mitatu, bila kuwauliza chochote na bila kudai jibu. "Tunakukumbuka. Tunatumaini u mzima." Nilikuwa nikifikiri anafanya hivyo kwa ajili ya moyo wake, na nilimwacha. Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya Jerome Motto, daktari wa magonjwa ya akili wa San Francisco, aliyefanya karibu jambo hilo hilo kwa watu waliotoka hospitali na kukataa kuendelea na matibabu. Waligawanywa makundi mawili, jumla yao watu 843. Kundi moja likawa linapokea barua fupi za namna hiyo kwa miaka mitano, na jingine halikupokea. Katika miaka miwili ya kwanza waliojiua katika kundi lililoandikiwa walikuwa wachache kwa kiwango kilichopimika. Nilimsomea mama yako, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaendelea kushona. Mlingoti bado anamjibu hadi leo. Kwa hiyo ukiwa na mwanafunzi aliyehama shule au aliyerudi kutoka hospitali, mwandikie. Usisubiri uwe na la maana la kusema.

Ukiamua kuionyesha picha, chukua ile aliyopigwa uwanjani pamoja na wenzake, wala usichukue ile ya peke yake tuliyoitumia siku ya mazishi; katika ile ya uwanjani yeye ni mwanafunzi kati ya wanafunzi, na hakuna aliyempamba. Ukiamua kuiacha, mimi na mama yako hatutahesabu kwamba umemficha. Mlizaliwa tumbo moja, na huhitaji ruhusa yangu kumtaja popote. Ila kabla ya kuamua lolote, nenda kwa mwalimu mkuu ukamwombe akupe majina ya walimu wawili watakaoondolewa vipindi kwa juma lile lote, na chumba chenye mlango unaofungika, na siku ambayo mshauri nasaha atafika. Akikwambia kwamba hayo hayawezekani, mwombe aiahirishe shughuli nzima hadi yawezekane, na usione haya kumwambia kwamba mimi ndiye niliyekutuma. Mama yako yuko tayari kusafiri nami tuje tukae shuleni kwenu siku mbili tatu baada ya maadhimisho, kama uongozi utaridhia. Tuandikie mapema ili tujiandae.

Ni mimi baba yako.